Amepangwa misheni tena, na usiku wake naujua mimi peke yangu

Shikamoo mama.

Naomba jina langu lisitoke, maana hapa kota tunajuana wote.

Mume wangu ni askari. Tulioana kabla hajaenda Kongo na tumejaliwa watoto watatu. Alikuwa kule upande wa Beni mwaka 2017, wakati vijana wetu walipovamiwa kambini Semuliki, tarehe 7 Desemba. Utakuwa unakumbuka, nchi nzima ililia. Yeye alikuwa kambi nyingine, lakini rafiki yake kipenzi, aliyemsimamia siku ya ndoa yetu, alikuwa pale na hakurudi. Mume wangu alirudi mzima, hana hata mkwaruzo. Tulichinja, tukasoma maulidi, nikamshukuru Mungu kwamba kwetu yamepita salama.

Hayakupita. Nyuma ya nyumba kuna mwembe. Msimu ukifika, embe likidondoka juu ya bati usiku, yeye anakuwa ameshafika sakafuni kabla mimi sijafumbua macho. Mara moja alimrukia mtoto akamfunika kwa mwili wake, mtoto akapiga kelele mpaka majirani wakaja kugonga. Siku hizi huyu mdogo wetu wa miaka minne, akisikia embe limeanguka, naye anajilaza kifudifudi huku anacheka. Anadhani ni mchezo wa baba.

Kuna usiku nilimsikia anahema kama mtu anayekimbizwa, nikamgusa bega. Alinikaba shingo. Nilikuwa naliita jina lake na sauti haitoki, mpaka akaniachia. Akakaa ukingoni mwa kitanda akalia. Hata baba yake alipofariki sikumwona akilia. Kesho yake akachukua godoro dogo akalitandika koridoni, miguu upande wa mlango, na tangu hapo ndipo anapolala. Nikimwambia arudi chumbani anasema kuna joto. Mama, mimi ni mke wake. Wenzangu wameanza kuniuliza kama hakuacha mtu huko Kongo, na zipo siku nami nawaza hivyohivyo, maana mwanaume anayempenda mkewe atakimbiliaje koridoni?

Mchana ni mtu mwingine kabisa. Anakwenda kazini, anaswali, hanywi, watoto wanampenda, wakubwa zake wanamsifu.

Sasa ameomba kwenda misheni ya kulinda amani Afrika ya Kati, mji wa Berberati, mwaka mzima, na jina limetoka. Kabla ya kuondoka watapimwa afya. Nilipomuuliza kwa nini anataka kurudi kwenye mambo yale alinijibu maneno mawili tu: "Huko nalala."

Nyumba yetu Kihonda imesimama kwenye linta. Mtoto mkubwa yuko kidato cha nne, shule ya kulipia. Posho ya misheni ndiyo tuliyokuwa tunaitegemea. Mama mkwe anasema mwanawe ametoka na jini kwenye misitu ya kule, asomewe tu kisha aende, nisije nikamfungia mwanawe riziki. Kaka yangu ni mstaafu wa jeshi, na yeye ananiambia niende kimyakimya kwa daktari wa kikosi kabla ya siku ya vipimo nieleze yote, kwa sababu mtu wa namna hii hapewi bunduki. Nikisema, wataanza kumwita wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na atajua ni mimi niliyemchongea. Nisiposema, akaenda akafa, au akaua asiye na hatia, nitaishi vipi?

Siku za vipimo zinakaribia. Nisaidie mama.

Mke wa askari, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili hata jirani wa mlango wa pili asikutambue.

Unaniuliza kama umwambie daktari au unyamaze. Ndani ya swali hilo naona mengine mawili. Moja ni kama mumeo bado anakupenda. Jingine umeliandika ukalipita haraka: ile mikono shingoni mwako. Niruhusu nianze na hilo la mikono, kwa sababu ndilo lisilongoja vipimo.

Usimwamshe tena kwa kumgusa. Simama mbali, mlangoni, washa taa, mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi: uko nyumbani, ni mimi, watoto wamelala. Watoto wasilale karibu naye, na huyo mdogo afundishwe kutomrukia baba akiwa usingizini. Chagua mtu mmoja, kaka yako kwa mfano, ambaye unaweza kumpigia saa nane za usiku. Halafu kuna swali ambalo wake wengi wa askari huogopa kuliuliza: je, huwa anafikiria kufa? Muulize kwa maneno hayohayo, mchana, mkiwa wawili. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupumua wakipata wa kuwauliza. Akisema ndiyo, au ile ya shingoni ikijirudia, usihesabu siku zilizobaki mpaka vipimo. Hospitali siku hiyohiyo. Katika hili la usalama wenu sina mawili.

Sasa turudi koridoni. Unasema mwanaume anayempenda mkewe hawezi kukimbilia koridoni. Hebu yapange matukio tena kama ulivyoyaandika mwenyewe. Alikukaba, akalia, kesho yake akahama. Na alikohamia ni kati ya mlango wa nje na vyumba mnavyolala ninyi. Mimi sijakaa naye, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini inawezekana kabisa kwamba hajakukimbia, ila anakulinda mara mbili: dhidi ya mtu atakayeingia, na dhidi ya mikono yake mwenyewe. Kama ndivyo, hilo joto analolisingizia ni aibu. Kuhusu mwanamke wa Kongo, katika barua yote sikuona dalili hata moja zaidi ya maneno ya wenzako. Huenda yupo, huenda hayupo. Ila ukifungulia mazungumzo hapo, atajitetea hapo, na haya mengine hutayasikia.

Hata lile jibu lake la "huko nalala", lililokukosesha raha, mimi sikulisoma kama tusi kwa nyumba yako. Kambini kuna zamu za lindo. Anapolala yeye, mwenzake yuko macho na silaha. Nyumbani kwako, kwa hesabu za kichwa chake, zamu zote ni zake. Askari wengi waliorudi kutoka vitani katika nchi nyingi wamesema jambo hilohilo, kwamba walitulia zaidi kule kwenye hatari kuliko sebuleni kwao. Hilo halina maana kwamba kurudi kule ni tiba. Mwili uliozoea hatari hutulia ukiikuta, kisha siku ya kurudi nyumbani inafika tena, na mzigo umeongezeka.

Nataka pia nikuulize kuhusu huyo rafiki. Umeandika kwamba alimsimamia mumeo ndoa, na hujaandika popote kwamba mmewahi kumzungumzia tangu afe. Watu hudhani anayerudi na usiku wa namna hii lazima awe alikuwa katikati ya risasi. Mumeo hakuwepo Semuliki, na huenda kidonda kiko hapohapo, kwenye kutokuwepo. Kambi ile ya Beni ilishambuliwa jioni na watu wanaoaminika kuwa wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, mapigano yakaendelea kwa saa nyingi usiku. Mwanzo tulitangaziwa askari wetu 14 wameuawa, baadaye hesabu ikafika 15, na majeruhi zaidi ya 40. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2018 ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa waliozingirwa, kwamba palikuwa na kasoro za uongozi na mafunzo, na kwamba vitu vya lazima kama ndege vilikosekana. Nakutajia haya kwa sababu mtu aliyekuwa kambi nyingine usiku ule, rafiki yake akiwa kule, anaweza kukaa miaka mingi akijidai deni lisilo lake. Inawezekana hajawahi kumsikia mtu akimwambia kwamba hata wachunguzi waliona mambo yaliyokuwa juu ya uwezo wa askari mmoja mwenye bunduki yake.

Na kuna jambo la vijana wetu waliokwenda Kivu, mashariki mwa Kongo, ambalo huwa linaniuma sana nikilifikiria. Brigedi ile ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliingia katika nchi ambayo ilishapitia vita viwili vikubwa, na kule mashariki amani haikuwa imefika. Askari wa Uruguay au India aliyekuwa katika misheni hiyo alihitaji mkalimani. Mtanzania hakumhitaji. Beni wanazungumza Kiswahili. Mama aliyeuliwa wanawe alilia kwa lugha ileile ambayo mama yake mumeo anamwitia chakula. Raia wa wilaya ile walikuwa wakichinjwa tangu mwishoni mwa mwaka 2014, na mara nyingi askari walifika baada ya mauaji, wakapokelewa na walionusurika wanaouliza mlikuwa wapi. Sijui mumeo aliulizwa nini. Lakini chochote alichoulizwa, alikielewa.

Mama mkwe wako anaona jini. Simdharau, anampenda mwanawe na amegundua kwamba kuna kitu. Kumsomea hakuzuii daktari, na kama dua inamtuliza, asomewe. Ninachokiogopa ni ile sehemu ya "kisha aende", kana kwamba usiku mmoja wa kisomo utafuta miaka yote hii. Madaktari wana jina la hali unayoieleza, wanaiita kiwewe: kushtuka kwa kelele ndogo, ndoto zinazorudi, kuwa macho muda wote, kujitenga na wa karibu. Mimi si daktari na siwezi kumpima mtu kwa barua ya mkewe. Naweza kukuambia kwamba hali hiyo inatibika, mara nyingi kwa mazungumzo ya kitaalamu ya wiki kadhaa au miezi, wakati mwingine na dawa, na kwamba haichagui cheo. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alivunjika kiasi cha kustaafishwa jeshini mwaka 2000 kwa sababu za afya. Alilisema hadharani, akapata tiba, baadaye akawa seneta. Desemba 2022 Baraza la Usalama nalo lilipitisha azimio namba 2668, linalohimiza huduma ya afya ya akili kwa wote wanaotumikia misheni za amani. Najua karatasi ya New York na minong'ono ya kantini ya kambi yenu ni vitu viwili tofauti. Nakutajia ili ujue kwamba mumeo si kituko, na waliomtangulia ni wengi.

Sasa njia zenyewe. Ya kaka yako ina ukweli ndani yake. Daktari asiyejua anachopaswa kukitafuta atapima presha, damu na macho, na mtu anayeswali, asiyekunywa na anayesifiwa kazini atapita. Wewe una taarifa ambayo hakuna kipimo kitakachoipata. Lakini fahamu unapoipeleka. Daktari wa kikosi humtibu askari, na papo hapo anatakiwa kumwambia mkuu wa kikosi kama huyu anafaa kutumwa. Ukishaliweka mezani kwake, hutaweza kulichukua tena. Na ukilipeleka kwa siri, mtu ambaye tayari analala akiulinda mlango atagundua kwamba aliyefungua mlango ni wewe. Pengine atakusamehe. Pengine atafunga mdomo kwa miaka mingine, hata kwa daktari. Unamjua kuliko mimi.

Kunyamaza nako kunaonekana kama kutochagua, ila ni uamuzi wenye gharama zake, na si kwako tu. Wapo watu wa Berberati. Mji ule uko magharibi, si mbali na Kamerun, na vita vya Seleka, waasi ambao wengi wao ni Waislamu, na Anti-balaka, wanamgambo waliopigana nao, vilipita pale. Mwaka 2014 mamia ya Waislamu wa mji huo waliishi kama wakimbizi ndani ya uwanja wa askofu wa Kikatoliki, kwa sababu nje wangeuawa. Watu waliopitia hayo wanahitaji askari ambaye pikipiki ikipiga mlio nyuma yake hatageuka na kidole kwenye kifyatulio. Mumeo ni mtu mwema, ndiyo maana naamini hilo lingemuumiza kuliko adhabu yoyote. Kwa upande wa pili, haiwezekani kusema kwa hakika kwamba litatokea. Wapo waliokwenda na mizigo kama wake wakafanya kazi yao kwa heshima mpaka mwisho. Hofu yako ina haki ya kusikilizwa, lakini haijawa unabii.

Kuhusu nyumba na ada, sitakuambia fedha si kitu, wakati linta inanyeshewa mvua. Umoja wa Mataifa huilipa serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na kila nchi ina utaratibu wake wa kile kinachomfikia askari mwenyewe, kwa hiyo pigeni hesabu kwa takwimu mnazozijua ninyi. Ila katika hesabu hizo wekeni pia gharama ya mwaka mwingine wa yeye kurudi akiwa hivi, au vibaya zaidi. Akipumzika safari hii ili atibiwe, huenda jina lake likatoka tena siku nyingine, huenda lisitoke. Hilo ni pengo la kweli na mna haki ya kulihuzunikia.

Ipo njia nyingine, na sioni katika barua yako kama umeijaribu: kumwambia yeye mwenyewe. Umemuuliza kwa nini anakwenda, umemwomba arudi chumbani. Hujamwambia unachokiona. Yawezekana hajui kwamba mtoto anaigiza kuanguka. Yawezekana anadhani ile ya shingoni umeisahau, kwa sababu na wewe hujaitaja tena. Nendeni Kihonda mkaangalie hizo kuta zenu, mchana, bila watoto. Wanaume wengi husema vizuri zaidi wakiwa wamesimama na kitu cha kushika mkononi kuliko wakiwa wamekalishwa sebuleni. Anza na ulichokishuhudia, bila kumpa jina la ugonjwa: nimeona hivi, nimesikia hivi, mtoto anafanya hivi, na usiku ule niliogopa. Mwambie unajua ni kwa nini yuko koridoni, au muulize kama umebahatisha. Mtaje rafiki yake kwa jina. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Akilipokea, anaweza kwenda kwa daktari kwa miguu yake, na askari aliyekwenda mwenyewe hupokelewa tofauti na aliyeripotiwa. Anaweza kuanzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa kama anaogopa macho ya kikosini, japokuwa vipimo vya misheni vitabaki mikononi mwa jeshi. Anaweza kumtafuta imamu anayemwamini au mkubwa wake aliyewahi kwenda misheni. Akikataa, kuna tofauti kubwa kati ya kwenda kwa siri na kumwambia usoni: mume wangu, nakupa mpaka siku fulani uende mwenyewe, usipokwenda nitakwenda mimi, nami nakuambia leo ili usije ukalisikia kwa mwingine. Hilo nalo lina hatari. Linaweza kuleta ugomvi, na kama unaona litaleta mkono, usiliseme mkiwa peke yenu; kaka yako awe karibu. Unaweza pia kupima yote haya ukaona bora aende, ilimradi ameshakutana na mtaalamu na mmekubaliana mtakavyowasiliana akiwa kule. Siwezi kukuchagulia, kwa sababu atakayeishi na uamuzi huo chini ya bati lile ni wewe.

Na wewe mwanangu, katika barua yote umehesabu usiku wake tu. Mwanamke aliyekabwa shingo na mtu anayempenda, akaendelea kuwaamkia watoto na kuwajibu wenzake kota kana kwamba hakuna kitu, naye anahitaji mtu wa kumsikiliza. Ukienda hospitali kwa ajili yake, jiombee nafasi yako pia. Na mkishazungumza, hata kama hayakwenda ulivyotaka, hata kama siku ya vipimo imeshapita, niandikie.